Sabili ya Mkunguni ijengwe kwa mawe yetu na iwekewe wakfu

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika safu hii akipendekeza uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, uwekewe chemchemi ya kurusha maji juu yenye taa za rangi, ili wageni wapate pa kupigia picha na mji upate haiba mpya. Nia yake naiheshimu, na wala sina ugomvi na picha. Hata hivyo, naomba nafasi nieleze kwa nini naona kwamba fedha hizo, zikipatikana, zijengewe sabili iliyopambwa, ambapo mpita njia yeyote atakunywa maji safi bila kuulizwa shilingi. Naomba pia nieleze kwa urefu kidogo jinsi miji mingine ilivyozijenga sabili zake, kwa kuwa wenzetu walikwisha kufanya makosa ambayo sisi hatuna sababu ya kuyarudia.

Nianze na maji yenyewe. Maji tamu ya kisiwa hiki yako chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunyesha, mchanga ukaichuja, na maji hayo mepesi yakatulia juu ya maji mazito ya chumvi yanayoingia kutoka baharini. Yakivutwa kupita kiasi, chumvi hupanda, na visima vingi vya mji wa kale vinatuonyesha tayari ladha yake. Kuyachukua maji ya namna hiyo na kuyarusha hewani katika upepo wa kaskazi ni ubadhirifu. Nitajibiwa kwamba maji ya chemchemi huzungushwa kwa pampu na kutumika tena. Ni kweli, lakini maji yanayozungushwa hayanyweki, pampu inataka umeme na fundi, na hodhi lisilotiwa dawa huzaa mbu. Sabili yenye mfereji unaojifunga wenyewe mnywaji akiondoa mkono hutumia tu kile kilichoingia kooni na matone machache yaliyomponyoka.

Wala asifikiri mtu kwamba kuwanywesha watu maji mahali palipojengwa vizuri ni jambo la kuagiza ng'ambo. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba kwenye milango ya misikiti kulikuwa na visima vya kina cha dhiraa moja au mbili, na kwamba watu waliteka maji kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja, na kwamba ardhi iliyozunguka kisima na msikiti ilisawazishwa vizuri. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba chombo hicho ni jamaa wa kata, kile kifuu chenye mpini cha kuchotea maji. Nimeitaja habari hii kwa sababu ndani yake mna mambo matatu ambayo kila mjenzi wa sabili baada ya hapo amelazimika kuyafikiria: chombo cha kuchotea, sakafu isiyogeuka matope, na mahali ambapo watu wanapita kwa haja nyingine.

Ndani ya nyumba zetu za mawe, sanaa hiyo ilifikishwa mbali zaidi. Aliyepata kuinama juu ya birika la chooni, yaani tangi la maji lililojengwa, katika nyumba ya kale ya Lamu ameona jinsi lilivyopakwa chokaa laini isiyovuja, jinsi bakuli la kaure kutoka China lilivyozamishwa na kujengewa kwenye sakafu yake, na jinsi visamaki vidogo vinavyozunguka humo vikila viluwiluwi vya mbu. Birika likifunguliwa ili lisafishwe, maji hubaki ndani ya bakuli peke yake, na visamaki hukimbilia humo visife. Bakuli linapendeza macho na papo hapo lina kazi. Hicho ndicho kipimo ninachoomba kitumike Mkunguni: kila pambo liulizwe linafanya nini.

Walioijua kanuni hiyo vizuri zaidi, kwa maoni yangu, walikuwa wajenzi wa Cairo. Tangu mwaka 1479, Sultani Qaitbay alipojenga katika mtaa wa Saliba sabili iliyosimama peke yake ikiwa na chuo cha Kurani juu yake, mji ule ulijaza majengo ya aina hiyo. Chini ya ardhi palichimbwa tangi kubwa, lililojazwa maji ya mto Nile wakati wa mafuriko, yakiletwa kwa viriba juu ya migongo ya ngamia. Juu ya tangi palikuwa na chumba chenye madirisha mapana ya vyuma vilivyosukwa, na mtumishi akisimama ndani aliwapokeza wapita njia vikombe kupitia matundu ya vyuma hivyo. Ghorofa ya juu ilikuwa chuo, ambamo watoto, wengi wao mayatima, walifundishwa Kurani kwa gharama ya mwenye wakfu. Kabla ya kufika dirishani, maji yaliteremshwa juu ya bamba la marumaru lililoinamishwa na kuchongwa mawimbi. Mgeni angedhani mawimbi yale ni nakshi tu, kumbe yalitawanya maji yakawa utando mwembamba, yakapigwa na hewa na kupoa. Sabili ya Abd al-Rahman Katkhuda, iliyojengwa mwaka 1744 mahali barabara ya al-Mu'izz inapogawanyika, ingali imesimama ikiwa na madirisha pande tatu, na ndani ina vigae ambavyo baadhi yake vina picha ya Kaaba.

Lililoziwezesha sabili hizo kudumu halikuwa marumaru. Hati ya wakfu ilitaja maduka au mashamba ambayo kodi yake ingelipa gharama, ikamtaja mtumishi na mshahara wake, na mara nyingi ikaingia katika mambo madogo kama kamba, ndoo, sponji za kusugulia, vikombe vya kubadilisha vilivyovunjika na ubani wa kufukizia tangi. Mtu aliyetia sponji katika hati ya kisheria alikuwa anajua sabili hufa kwa nini.

Istanbul ilichukua njia tofauti kidogo. Sabili ya Sultani Ahmed wa Tatu, iliyojengwa mwaka 1728 mbele ya lango la jumba la Topkapi, ina mifereji kwenye pande zake nne, na kwenye kila pembe kuna chumba cha mviringo chenye madirisha ya vyuma ambako watumishi waligawa maji na sharubati. Paa lake limetokeza nje mno, na faida yake ni kwamba anayekunywa amesimama kivulini. Kuta zimejaa maua ya kuchongwa na mashairi. Mojawapo ya mistari hiyo inamwambia mpita njia afungue kwa Bismillahi, anywe maji, na amwombee dua Khan Ahmed, yaani Sultani mwenyewe. Na herufi za mstari huo zikihesabiwa kwa abjadi, hesabu inayoipa kila herufi ya Kiarabu thamani ya namba, hutoa mwaka wa ujenzi, 1141 wa Hijria. Sisi wa Lamu, tuliokulia kati ya tenzi, tunaweza kuona uhodari ulioko katika kutia shukrani, dua na tarehe ndani ya mstari mmoja bila hata mmoja kuusukuma mwenzake.

London ilichelewa, na iliharakishwa na maradhi. Baada ya tabibu John Snow kuonyesha mwaka 1854 kwamba kipindupindu cha mtaa wa Soho, London, kilitoka kwenye pampu moja ya Broad Street, watu wenye fedha walianza kuona kwamba maskini asiye na maji safi atakunywa ama maji machafu ama pombe. Tarehe 21 Aprili 1859 mbunge Samuel Gurney na wenzake walifungua sabili yao ya kwanza katika uzio wa kanisa la St Sepulchre. Ilikuwa ya mawe magumu, ndogo, yenye vikombe vya chuma vilivyofungwa kwa minyororo na maandishi yanayomwomba mnywaji arudishe kikombe mahali pake. Chama chao kilitoa masharti kwamba maji yawe yamechujwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1867, kilibadilisha jina ili litaje pia mahodhi ya kunyweshea wanyama, na mahodhi yake ya mawe yalienea London nzima, mengi yakiwa na hodhi jingine dogo chini kwa ajili ya mbwa. Hilo la wanyama nitalirudia, kwa kuwa linatuhusu kuliko mji wowote wa Kenya.

Sabili inayojulikana zaidi ulimwenguni ni ya Paris. Richard Wallace, Mwingereza aliyekuwa akiishi huko na kurithi mali nyingi mwaka 1870, aliushuhudia mji ukizingirwa na majeshi ya Prussia, kisha ukiingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mifereji iliharibiwa na bei ya maji ikapanda. Mwaka 1872 alitoa sabili 50 kwa gharama yake. Alichora mwenyewe sura ya kwanza na kumkabidhi mchongaji Charles-Auguste Lebourg, na masharti aliyoyaweka yangefaa yabandikwe katika kila ofisi ya mipango miji: sabili iwe na kimo cha kuonekana kwa mbali lakini isiharibu mandhari, sura yake ifae kutumika na ipendeze, bei yake iruhusu zijengwe nyingi, na nyenzo zake zidumu na zitunzike kwa urahisi. Ndiyo maana alichagua chuma cha kumimina kwenye kalibu, kikapakwa rangi ya kijani iliyokoza. Aina kubwa ina kimo cha mita 2.71. Wanawake wanne, wanaowakilisha wema, usahili, ukarimu na kiasi, wamesimama wakibeba kuba kichwani; wawili wamefumba macho na wawili wameyafumbua, na magoti yao hayakukunjwa kwa namna moja. Maji huteremka kama uzi kutoka katikati ya kuba hadi kwenye beseni, na mnywaji huingiza mkono kati ya wanawake hao kukinga. Zilizosalia, ambazo ni kama 100, nyingi bado zinatoa maji, isipokuwa katika miezi ya baridi kali, ambapo hufungwa barafu isije ikapasua mabomba.

Vikombe vya Paris navyo vilikuwa na minyororo, na viliondolewa mwaka 1952 kwa sababu za usafi. Marekani iliviacha mapema zaidi. Mwaka 1909 jimbo la Kansas, kwa juhudi za daktari Samuel Crumbine, lilipiga marufuku kikombe cha wote katika treni na shule, kwa hofu ya kifua kikuu na maradhi mengine yanayoambukizwa kwa mate. Hapo ndipo ulipopata nguvu mfereji unaobubujisha maji kuelekea juu, mtu akanywa kwa kuinamisha kinywa. Mwaka 1912 tajiri wa mbao Simon Benson aliupa mji wa Portland dola 10,000 ili ununue sabili 20 za shaba nyeusi, zilizobuniwa na mchora ramani za majengo A. E. Doyle, kila moja ikiwa na mabakuli manne yaliyochanua kutoka kwenye shina moja. Zingali zinabubujika hadi leo, na ni nzuri. Kasoro ya maji yanayopanda wima ni kwamba hurudi na kudondokea palepale yalipotoka yakiwa yamekwisha kugusa midomo, na ndiyo sababu mifereji ya baadaye ilielekezwa kwa pembe ili maji yaruke kando.

Nimeyaeleza haya ili nifikie Mkunguni nikiwa na vipimo mkononi. Chuma cha Wallace hakitufai. Hewa yetu ya chumvi inakula bawaba za madirisha, sembuse sanamu inayolowa mchana kutwa. Wanawake wanne wa kubeba kuba hawatufai pia, na nadhani hakuna haja ya kueleza sababu katika mji wenye misikiti ya kila mtaa na Maulidi ya kila mwaka. Saruji iliyomiminwa kwa umbo la pomboo au mtungi mkubwa, kama ninavyoiona katika hoteli nyingi za pwani, ni kitu ambacho hata mapenzi yangu kwa fundi saruji hayanitoshi kukitetea. Tuna matumbawe yanayokubali kisu yakiwa mabichi, tuna chokaa, tuna waashi wanaojua kuisugua ukutani hadi ing'ae, na tuna wachongaji milango wanaoweza kuzungusha ukingo wa mnyororo, maua ya waridi na mayungiyungi bila kutazama karatasi. Mji huu ulitiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001 kwa ajili ya kazi za mikono ya namna hiyo.

Naiona sabili yenye ukuta mnene wa matumbawe, uliotobolewa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, kama za ndani ya nyumba zetu, na katika kila kidaka mfereji mmoja wa shaba ya manjano wa kubonyeza. Nyuma ya ukuta liwe tangi dogo lililozungushiwa kuta mbili ili jua lisiyachemshe maji, na paa litokeze mbele kwa kiasi cha kumfunika mtu mzima na mzigo wake. Kidaka kimoja kiwe chini, mtoto akifikie, na kimoja kiwe na nafasi ya kukinga dumu, kwa maana kuna nyumba ambazo mfereji wake hutoa hewa siku nyingi kuliko maji. Pande mbili pajengwe baraza. Sabili isiyo na pa kukaa itawaudhi wazee, nao ndio watakaoona kwanza mfereji unapovuja. Sakafu iinamishwe, na maji yanayomwagika yakusanywe kwa mchirizi hadi kwenye hodhi la punda.

Punda hao ndio wanaobeba mchanga, mawe, saruji na gesi zetu katika vichochoro ambamo gari halipiti, na wengi wao hunyweshwa tu pale mwenyewe anapokumbuka. Wamewekewa hospitali yao ufukoni tangu mwaka 1987, lakini mnyama anayefika hospitalini kwa kiu amechelewa. Hodhi la jiwe lenye kimo cha goti, upande wa nyuma ambako hawatagongana na wanywaji, halitaongeza gharama ya kutisha. Paka nao, ambao idadi yao katika mji huu inajulikana kwa Mungu peke yake, watajihudumia bila kuchorewa ramani.

Lililobaki ndilo gumu. Mtaani kwetu Langoni kuna kijengo cha mifereji ambacho mfadhili mmoja, ambaye sioni haja ya kumtaja, alituachia kwa sherehe, hotuba na utepe. Vigae vyake vya buluu bado vinang'aa. Mfereji wa kwanza umebaki shina tupu, wa pili umezibwa kwa kijiti na kitambaa, wa tatu una mpini unaozunguka bila kushika chochote. Juu ya hodhi lake kavu mwenye duka jirani amepanga magunia ya makaa, na simlaumu, kwa kuwa ni mahali pa kivuli. Kilichoua kijengo hicho ni kipande cha mpira cha ndani ya mfereji, ambacho bei yake haifiki hata ya kilo moja ya sukari, na ambacho hapakuwa na mtu aliyeambiwa kwamba ni wajibu wake kukinunua.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kabla jiwe la kwanza halijawekwa, iandikwe hati ya wakfu. Misikiti yetu mingi imeendeshwa kwa minazi na vyumba vya kupangisha vilivyowekwa wakfu na watu ambao majina yao tumeyasahau, na utaratibu huo tunaujua kuliko utaratibu wa miradi. Chumba kimoja cha duka chenye kodi ya kila mwezi kitatosha kumlipa mtu wa kufagia na kusugua asubuhi na alasiri, kununua vipuri, kupima maji, na kupaka chokaa upya kabla ya mwezi wa Maulidi. Hati itaje mambo hayo kwa majina, sponji na mpira wa mfereji vikiwemo. Wenye hoteli wanaotaka chemchemi ya taa za rangi wanakaribishwa kuchangia chumba hicho, na majina yao yaandikwe, kwa herufi ndogo, ukutani upande wa tangi.

Upande wa mbele uachiwe mashairi. Lamu haijaishiwa na watunzi, na itakuwa aibu tukiandika pale maneno ya mwaliko ya kitalii. Paandaliwe mashindano ya beti mbili, ziandikwe kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi, na mtunzi atakayeweza kuufunga mwaka wa ujenzi kwa abjadi apewe alama za ziada.

Kuhusu mahali hasa, uwanja una sura mbili kwa siku. Asubuhi jua hutoka baharini na kivuli pekee ni cha mikungu. Alasiri ngome iliyo upande wa bara huutandazia uwanja kivuli chake. Mchoro wowote utakaotengenezwa mezani Nairobi utalikosa jambo hili. Naomba ofisi husika, kabla ya kupitisha chochote, iwaite waashi, wachongaji, makuli, wenye punda na akina mama wauza viazi karai wakutane hapo uwanjani saa saba mchana katika mwezi wa Februari, kisha iwaulize wangependa kusimama wapi wakinywa.

Wako,
Msomaji wa Langoni,
Lamu